Breki za Kuonekana kwa Macho

Kwa muda wa miaka minne na nusu kila mtu wa Lushoto alijua kwamba Fanueli Shekiondo ana mke wa kupanda naye mlima, ila wa kushuka naye hana.

Fanueli alikuwa fundi katika karakana ya serikali. Mrefu, mwembamba, mtu wa kufuta spana kabla ya kuitumia na kuifuta tena baada ya kuitumia, hata kama katikati hapo haikushika kitu. Nyumbani alikuwa na gari lake mwenyewe, Volvo la mwaka 1963 lenye rangi ya maziwa mgando, aliloachiwa mwaka 1968 na mkulima mmoja Mgiriki aliyekuwa anahama nchi. Mgiriki yule alisema kwamba gari hilo linamjua Fanueli kuliko linavyomjua yeye. Miaka hiyo, mfanyakazi kuwa na gari lilikuwa jambo la kujieleza. Tobia, balozi wetu wa nyumba kumi, alipita pale kila baada ya miezi michache kuuliza kwa upole kama gari hilo ni la unyonyaji. Fanueli alimjibu kila mara kwamba katika unyonyaji wote anaoufahamu, huu wa gari hili ndio pekee ambao tajiri ndiye anayenyonywa.

Mke wake, Yunis, sisi sote tulimwita Mama Secilia, kwa jina la binti yao wa kwanza. Alilima kabichi na maharage kwenye mteremko ulio nyuma ya nyumba, na Jumapili aliimba sauti ya pili katika kwaya ya Kilutheri. Hakuwa mwoga. Nilimwona kwa macho yangu akimfukuza nyani kwa kandambili. Lakini mwezi wa pili mwaka 1971 alikuwa ndani ya Volvo lile, yeye na vikapu viwili vya mapeasi, walipokuwa wakishuka kwenda Mombo, mji ulio chini ya mlima. Kwenye kona za chini ya Soni, Fanueli alikanyaga breki na kanyagio likazama mpaka sakafuni kama mguu uliotumbukia shimoni. Akaingiza gia ndogo, akalibana gari kwenye ukingo wa juu, likakwaruza, likaruka mtaro, likasimama katikati ya migomba ya watu. Hakuna aliyeumia. Mapeasi yalitawanyika barabarani.

Mama Secilia alishuka, akaokota peasi moja moja, yaliyopondeka na mazima, akayarudisha kikapuni, akajitwika, akashika njia kwa miguu. Kikapu cha pili Fanueli alikibeba nyuma yake. Hawakusemezana mpaka Mombo, na kule mama alisema maneno haya tu:

"Kupanda nitapanda. Kushuka, basi lipo."

Akashika neno lake. Tangu siku hiyo, wakiwa na safari, Fanueli alimpeleka stendi, mama akapanda basi, na Fanueli akalifuata basi lile taratibu huku kiti cha pembeni yake kikiwa kitupu. Abiria wa viti vya nyuma walimpungia mkono kwenye kila kona. Mombo mama alishuka basi, akaingia kwenye Volvo, wakaendelea na safari yao kama watu wa nyumba moja. Kurudi, alikaa mbele tangu mwanzo hadi nyumbani, akisifu mandhari.

"Fanueli," Selemani alikuwa akimwambia, "wewe ndiye mwanamume pekee Usambara yote anayesindikiza basi."

Selemani alikuwa dereva wa lori na rafiki yake tangu ujana. Mmoja alikwenda msikitini na mwingine kanisani, lakini masihara yao hayakuwa na dini.

Basi mwaka 1975 Secilia, aliyekuwa mwalimu Muheza, akachumbiwa na mwalimu mwenzake, Mbondei wa huko huko. Harusi ikapangwa Jumamosi tarehe 16 Agosti. Wakwe wakatuma salamu kwa barua nzuri, yenye mwandiko wa kulala, kwamba Alhamisi ile ya tarehe 14 ukoo wao wote utasimama mbele ya nyumba na kuwapokea baba na mama kwa pamoja, kwa nyimbo, pale watakaposhuka garini.

Fanueli aliisoma barua hiyo mara tatu. Mara ya tatu aliisoma kwa sauti, karibu na mke wake aliyekuwa akipukuchua maharage uani.

"Kwa pamoja," alirudia.

"Nimesikia."

"Mama Secilia, safari hii itabidi tushuke pamoja."

"Tutashuka pamoja, Baba Secilia. Wewe kwenye gari, mimi kwenye basi."

"Na basi likiharibika? Likichelewa? Nifike Muheza peke yangu, ukoo mzima umesimama unaimba, mimi ninatoka garini kama mjane? Watasema tumeachana. Watasema binti ametoka kwenye nyumba iliyovunjika."

Mama Secilia aliacha kupukuchua. Jambo hili lilimgusa, na Fanueli aliliona hilo. Lakini yeye hakuwa mtu wa kugeuza neno kwa sababu limekuwa zito.

"Zile breki za mbele," alisema, "ukitoa gurudumu ninaziona. Kuna sinia la chuma linazunguka, na kuna kile kinacholibana. Kitu kikikatika nitakiona, kikivuja nitakiona. Za nyuma je? Ziko ndani ya sufuria lenye kifuniko. Mwaka ule kilichopasuka kilikuwa wapi?"

"Ndani ya ngoma ya nyuma. Kampira kadogo. Oili yote ikavujia humo humo."

"Na wewe, fundi, ulikaona?"

"Hakaonekani, Mama Secilia. Kako ndani."

"Haya. Mimi sili chakula cha sufuria nisiloweza kulifunua. Siku utakaponionyesha breki zote nne kwa macho yangu, siyo kwa maneno, siku hiyo nitashuka na wewe mpaka Tanga ukitaka."

Fanueli alinyamaza siku tatu. Wengine tulidhani amekasirika. Kumbe alikuwa anapiga hesabu, maana mkewe alikuwa amemwomba kitu kinachowezekana. Kulikuwa na Volvo za mtindo mpya zenye sinia mbele na nyuma, yaani diski magurudumu yote manne. Tatizo ni kwamba mwaka ule dukani ulikuwa huwezi kupata hata betri ya tochi, seuze diski.

Aliyeleta habari ni Selemani. "Mombo kuna Volvo limelala chali kama kombamwiko," alisema. "La mtaalamu mmoja wa kigeni. Mwenyewe mzima, amekwenda kwao. Gari amemwachia mwenye uwanja lilipolala."

"La mwaka gani?"

"Mimi nalijuaje? Nimeona tumbo tu."

Fanueli alishuka Mombo Jumamosi iliyofuata, safari hii bila basi la kusindikiza, akalala chini kando ya gari lile lililopinduka, kisha akakumbuka kwamba kwa kuwa limelala chali hana haja ya kulala. Akasimama akatazama. Diski nne. Mwenye uwanja alikubali kumpa za nyuma zote mbili pamoja na kalipa zake, yaani vile vibano vyenye padi, kwa magunia mawili ya viazi vya Mlola na ahadi ya kumtengenezea pampu yake ya maji. Jumanne tarehe 8 Julai kazi ikaanza.

Sasa mtu asidhani kwamba ni kutoa hiki na kuweka kile. Diski ilikaa vizuri kwenye ekseli, maana bolti zilikuwa tano kwa tano. Lakini kalipa haikuwa na pa kushikia. Ilihitaji bamba la chuma la kuibeba, na bamba hilo halikuwepo duniani. Fanueli ilimbidi alizae. Alipata chuma kinene cha nusu inchi kutoka kwenye mashine ya kupasua mbao iliyokufa zamani. Kwanza alikata umbo lake kwa karatasi ngumu ya katoni ya sabuni kutoka duka la ushirika. Sabuni yenyewe ilikuwa haijaonekana dukani kwa wiki tatu, ila katoni zilikuwepo. Alikata maumbo kumi na moja. La kumi na moja ndilo lililokaa.

Kisha akakaa uani kila jioni, kuanzia atokapo kazini mpaka jua linapozama nyuma ya mlima, na msumeno wa chuma na tupa. Kriii, kriii. Majirani tulijifunza kuzungumza katikati ya kriii mbili. Tobia balozi alikuja, akasimama mikono nyuma.

"Ndugu Fanueli, taifa linajenga vijiji, wewe unajenga breki."

"Kijiji bila breki kitafika wapi, Balozi?"

Tobia alilifikiria hilo kwa muda, hakupata kosa ndani yake, akaomba maji ya kunywa.

Bamba la kwanza aliliharibu, tundu moja lilikwenda pembeni kwa unene wa ukucha. Mtu mwingine angeligonga kwa nyundo liingie. Fanueli alilitundika ukutani kama picha ya marehemu, akaanza lingine.

Mama Secilia alipita na kupita akienda shambani. Hakuuliza kitu. Lakini mara mbili nilimwona amechuchumaa pale akiwa peke yake, akipitisha kidole kwenye chuma kilichopigwa tupa.

Hapa ni lazima nieleze jambo moja, maana ndilo lililokuja kuleta maneno. Handbreki ya gari lile, ile ya kuvuta kwa mkono ukisimamisha, ilifanya kazi ndani ya ngoma za nyuma. Ngoma zilipotoka, handbreki ikakosa cha kushika. Lile gari la Mombo lilikuwa na namna yake ya handbreki, lakini vipande vyake vilikuwa vimeliwa na kutu na waya zimekatwa. Fanueli aliligeuza jambo hili kichwani, kisha akaliamua kama ambavyo mtu wa Lushoto yeyote angeliamua. Huku kwetu handbreki haiaminiwi. Tangu magari ya kwanza yalipopanda huku, dereva akisimama, mwenzake anashuka na kuweka jiwe kwenye gurudumu. Lori la Selemani lilikuwa na jiwe lake maalumu, lililolainika kwa kushikwa, na Fanueli mwenyewe hakumbuki ni lini alivuta handbreki kwa kuitegemea. Basi akaikata waya, mkono wa kuvutia akauacha pale pale kati ya viti kwa ajili ya sura, na hakumwambia mtu. Si kwamba alificha. Alisema baadaye kwamba hakuona kama ni habari.

Mwisho wa Julai kazi ikaisha. Selemani alikaa kwenye usukani akimkanyagia wakati wa kutoa hewa kwenye mabomba, huku akimsimulia habari za Korogwe, na Jumapili baada ya ibada gari likatoka kwa majaribio kuelekea Magamba. Nusu saa baadaye lilirudi. Lilitanguliwa na harufu, kisha ukaonekana moshi mwembamba wa buluu ukitoka kwenye magurudumu yote mawili ya nyuma. Waumini walikuwa bado wamesimama njiani wakisalimiana. Mama Secilia alikuwa miongoni mwao, na joho la kwaya mkononi.

"Ahaa," Selemani alisema, "za zamani zilikataa kushika. Hizi zimekataa kuachia!"

Fanueli hakucheka. Siku kumi na moja zilikuwa zimebaki. Alimtazama mkewe, mkewe akatazama magurudumu, na bila neno akaenda zake nyumbani. Jumatatu yake tulisikia kwamba ameulizia stendi kama basi la asubuhi ya tarehe 14 ni la uhakika.

Wiki ile Fanueli alikonda. Alifungua, akasafisha, akafunga. Gurudumu alilizungusha kwa mkono likazunguka vizuri, lakini akikanyaga breki mara mbili tatu, halizunguki tena. Alipiga tupa padi. Alisali pia, nadhani, maana nilimwona amepiga magoti karibu na gurudumu kwa muda mrefu bila spana mkononi. Alhamisi akaamua kwamba labda kuna hewa au uchafu kwenye bomba, na kwamba ni lazima atoe oili upya. Kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja. Mmoja anakanyaga breki, mwingine yuko chini na spana, anafungua na kufunga kinati kidogo ambapo oili hutokea. Selemani alikuwa safarini Arusha.

"Mama Secilia," Fanueli aliita kwa sauti ndogo, "nisaidie mguu."

Mama alikuja, akafuta miguu, akakaa kwenye kiti cha dereva kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Achia!"

"Nimeachia."

"Kanyaga!"

"Nimekanyaga."

"Achia!" Akafungua kinati, na oili ikamrukia usoni. "Nimesema achia!"

"Nimeachia!"

"Hujaachia! Oili inakuja kwa nguvu."

"Baba Secilia, nimeachia."

"Oili haijisukumi yenyewe! Kuna mtu anakanyaga, na huko juu uko wewe peke yako!"

Kisha sauti ya mama ikatoka garini, ya upole, ile ya sauti ya pili.

"Njoo uone."

Fanueli alitambaa akatoka chini ya gari, uso unatiririka oili. Mke wake alikuwa amekunja miguu yote miwili juu ya kiti, amejifunika khanga mpaka vidoleni, kama mtu anayeota moto.

"Mguu uko hapa," alisema. "Sasa niambie, nani anakanyaga?"

Fanueli alifungua mdomo aombe radhi, ukabaki wazi. Maana swali lilikuwa ndilo hasa. Mguu haupo, na oili bado inasukumwa. Nani anakanyaga? Aliondoka pale bila kuomba radhi, akafungua boneti, akafuata bomba la kwenda nyuma kwa kidole, inchi kwa inchi, mpaka akafika kwenye kifundo kidogo ambacho kwa miaka saba alikipita kila siku. Akakifungua. Ndani kulikuwa na vali ndogo ya mpira, ukubwa wa kifungo cha shati. Kazi yake ni kubakiza nguvu kidogo ya oili kwenye bomba hata mguu ukitoka. Breki za ngoma zinapenda hivyo, zikae tayari. Diski hazitaki. Ukizibakizia hata kidogo zinaendelea kubana, na kubana ndiko kuchoma.

Alitoa vali. Akafunga. "Kanyaga. Achia." Akafungua kinati, na oili ikachungulia, ikatulia. Akazungusha gurudumu kwa kidole kimoja, likaenda mizunguko minne.

Ndipo akarudi kwa mke wake, akasimama mlangoni mwa gari na vali ile kwenye kiganja.

"Ni huyu aliyekuwa anakanyaga."

Mama Secilia aliitazama. "Mdogo hivi?"

"Mdogo hivi."

"Na mimi nikagombezwa kwa ajili yake."

"Niwie radhi, Mama Secilia."

"Radhi nitaipokea," alisema mama, "ukishanawa uso."

Siku zilizobaki Fanueli alishuka Mombo na kurudi mara tatu, na kwenye kiti cha mkewe aliweka gunia la mchanga, ili uzito uwe ule ule. Selemani alipokutana naye Soni alilichungulia.

"Umeoa mke wa pili! Na huyu wa sasa hana maneno!"

Jumatano tarehe 13, Fanueli alitoa magurudumu yote manne, akaliweka gari juu ya magogo, akamwita mkewe. Mama alizunguka na kitambaa. Alishika diski moja moja, akauliza jina la kila bolti, akauliza hiki kikikatika nini kitatokea, na kile je. Alikawia kwenye bamba la kushoto kuliko kwingine kote. Juu ya handbreki hakuuliza, kwa sababu mkono wake ulikuwa mahali pake, unang'aa. Fanueli, ambaye kila alichoulizwa alijibu kwa ukamilifu, hakuongeza asichoulizwa.

"Vizuri," alisema mama mwishowe. "Basi la kesho liende na wengine."

Nusu ya mtaa tulikuwa njiani asubuhi ile kuwaaga. Yaliyotokea mbele ya safari nimeyapata kwa wote wawili, na pale walipotofautiana nimefuata ya Mama Secilia, kwa kuwa hata Fanueli alishauri hivyo.

Mpaka Soni alikaa wima, mkoba magotini, mkono mmoja umeshika dirisha. Chini ya Soni zikaanza kona zile. Kila kona Fanueli alikanyaga, gari likatulia kama ng'ombe aliyezoea kukamuliwa. Mama alianza kulegea. Walipopita ile migomba ya mwaka 1971 alisema hata, "Wamepanda mingine."

Kona ya tatu kutoka pale, wakakutana uso kwa uso na lori lililojaa mbolea likipanda kwa kuguna. Dereva wake alikuwa Selemani. Njia pale ni nyembamba, upande mmoja mwamba, upande wa pili ni hewa tu mpaka chini. Lori lililosheheni likisimama mlimani halitaondoka tena, kwa hiyo anayeshuka ndiye anayerudi nyuma. Palipokuwa na upana ni hatua thelathini juu. Fanueli akaingiza gia ya kurudi nyuma, akaachia klachi, injini ikazima. Akawasha. Akatoa mguu kwenye breki auweke kwenye mafuta, na katika nafasi hiyo ndogo gari likateleza kuelekea lori. Akakanyaga breki. Likashika. Akajaribu tena, likateleza tena.

"Vuta handbreki," alisema mama.

Fanueli akatazama mbele.

"Baba Secilia. Handbreki."

"Haipo."

"Haipo vipi? Si hii hapa?" Akaishika mwenyewe akaivuta. Ilikuja juu nyepesi, kama kijiko kwenye uji wa mgonjwa. Akaishusha, akaivuta tena, akaiacha imesimama.

"Jana ulinionyesha kila kitu."

"Nilikuonyesha kila kilichopo."

Mama Secilia alifungua mlango, akashuka na gauni lake la harusi ya binti yake, akaufunga mlango kwa nguvu iliyotikisa kioo. Fanueli hakuweza kumfuata. Mguu wake ulikuwa kwenye breki, na akiutoa gari linaondoka. Alikaa pale amefungwa na breki zake mwenyewe, akitazama mgongo wa mkewe ukielekea ukingoni. Alisema baadaye kwamba wakati ule aliuona ukoo mzima wa Muheza umesimama unaimba, na yeye anatoka garini peke yake.

Mama akainama, akachagua jiwe, akalikataa, akachagua kubwa zaidi, akaja nalo amelikumbatia tumboni, akalikandamiza mbele ya gurudumu la mbele.

"Haya," alisema. "Rudi nyuma."

Gari likarudi, hatua thelathini, mpaka palipo na upana. Mama alibaki barabarani. Lori likapanda mwendo wa mtu anayetembea, na Selemani akatoa kichwa dirishani, wakawa sambamba.

"Hongereni na harusi, shemeji! Mbona uko chini tena?"

"Ninanyoosha miguu."

"Panda huku nikurudishe nyumbani. Kiti kipo. Au nikushushe Soni ungoje basi. Mimi sitamwambia mtu."

"Wewe? Utaanza kutangaza kabla hujazima injini."

"Kweli," alikubali Selemani. "Lakini hebu sema, breki zimekushinda?"

"Breki zimeshika zote nne, nimeziona. Huyu mwenye gari ndiye bado amefunikwa. Kazi ya leo ni kumfunua yeye."

Watu waliokaa juu ya mbolea wakapiga kelele za furaha. Lori likapita. Mama Secilia alikung'uta udongo mikononi, akatembea mpaka kwenye Volvo, akafungua mlango, akaketi, akaweka mkoba magotini.

"Twende. Na kuanzia hapa utaniambia vyote visivyokuwepo."

Fanueli akaanza. Gurudumu la akiba lina kipara. Kifuta kioo cha upande wa mama hufanya kazi kwa kamba. Geji ya mafuta ilikufa mwaka 1972, yeye hupima kwa kijiti. Mama aliuliza kijiti kiko wapi, akaonyeshwa, akakikagua. Akauliza taa. Fanueli akasema taa moja hutazama mitini. Akauliza honi, akauliza mlango wa nyuma uliofungwa kwa waya tangu lini na kwa nini, na kila jibu lilizaa swali, naye Fanueli huku anajibu alikuwa anakanyaga na kuachia, kona baada ya kona, akiogopa maswali kuliko mlima.

Alipomaliza habari ya mlango, mama aliinua macho. Pande zote mbili za barabara kulikuwa na mkonge uliolala tambarare, na joto limeingia garini.

"Hapa ni wapi?"

"Tumepita Mombo. Kitambo kidogo."

"Mlima umekwisha?"

"Umekwisha."

"Mbona hukuniambia?"

Fanueli akaona ni heri akiri na hilo pia kabla ya Muheza: aliogopa kwamba akiutaja mlima, mama ataacha kuuliza na kuanza kuutazama. Walifika saa tisa alasiri. Nyimbo zilianza kabla gari halijasimama. Baba wa bwana harusi alifungua mlango wa mama, na mama, kabla ya kusalimia mtu yeyote, alitazama chini kuona kama uwanja una mteremko. Haukuwa nao. Akashuka, akamngoja mume wake azunguke, wakaenda kupokelewa.